Sura ya Tano: Mlinzi Asiyehongeka

Kaskazini mwa Pakistan kulikuwa na mvulana wa miaka kumi ambaye hospitali ya kwao ilimfahamu vizuri. Riziki yake ilikuwa barabarani. Watu wakishajaa, alijipitisha kisu mkononi, kikaingia huku kikatokea kule, kisha akatembea juu ya makaa ya moto. Hapakuwa na kiinimacho. Kisu kilikuwa kisu, na damu iliyotoka ilikuwa damu yake. Ila tangu azaliwe hakuwahi kusikia maumivu. Habari zake zilimfikia Geoffrey Woods, mtaalamu wa jenetiki wa Cambridge, Uingereza, lakini kabla watafiti hawajaonana naye, mvulana alikufa. Aliruka kutoka juu ya paa la nyumba. Alikuwa na miaka 14.

Muulize mtu yeyote aliyekesha na jino bovu, atakwambia yuko tayari kulipa chochote asisikie maumivu tena. Mvulana yule alipewa bure, na hakufika utu uzima. Sura hii inawahusu watu waliozaliwa kama yeye: wanaishije, nini kinawaumbua, na nani anawalinda. Ni wachache mno duniani, lakini wametufundisha jambo ambalo sisi tunaoumwa tusingeligundua peke yetu. Kujua kwamba kitu ni cha hatari hakutoshi kumzuia mtu. Maarifa hushauri. Maumivu huamrisha, na amri yake ni vigumu sana kuitafutia mbadala.

Kijilango cha sodiamu

Aliyewahi kujigonga kidole kwa nyundo anajua kwamba maumivu huja mara mbili. Kwanza mchomo mkali wa ghafla, na mkono umesharuka kabla hujafikiri lolote. Muda mfupi baadaye yanafuata yale mazito, ya kufukuta, ambayo utakaa nayo hadi jioni. Hizo ni nyuzi za neva za aina mbili. Zilizofunikwa kwa utando wa mafuta hupeleka habari kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zile nyembamba zaidi, zisizo na utando, hazizidi mita 2 hivi. Zote zinatoka kwenye ngozi, misuli, mifupa na viungo, zinaingia katika uti wa mgongo, na kutoka hapo habari inapanda hadi ubongoni.

Neva haiwezi kurusha ishara mpaka sodiamu iingie ndani yake kupitia vijilango vya protini. Kimojawapo kinaitwa Nav1.7. Kazi yake ni kuchukua mshtuko mdogo uliotokea kwenye ncha ya neva na kuukuza hadi utoshe kuwa ishara. Maelekezo ya kukijenga yamo katika jeni iitwayo SCN9A, kwenye kromosomu ya 2. Mwaka 2006, baada ya kifo cha yule mvulana, Woods na wenzake walieleza katika jarida la Nature habari za familia tatu nyingine za huko huko kaskazini mwa Pakistan, zenye watoto sita wasiosikia maumivu. Wazazi wa watoto hao walikuwa na undugu wa damu, na kila mzazi alibeba nakala moja mbovu ya jeni hiyo na nakala moja nzima. Wao waliumwa kama watu wengine. Watoto walirithi nakala mbovu pande zote mbili, kijilango hakikujengeka, na ishara ikafia pale pale ilipoanzia.

Kilichowashangaza watafiti ni jinsi watoto hao walivyokuwa wazima katika mengine yote. Walisikia kuguswa, walijua la moto na la baridi, walicheka wakitekenywa, na akili zao hazikuwa na kasoro. Wakubwa kati yao walikuwa wamejifunza hata kuigiza: wakichezewa rafu uwanjani, walijifanya wameumia, maana waliona ndivyo wachezaji wenzao wanavyofanya.

Pengo la pili liligunduliwa mwaka 2011: watu waliokosa Nav1.7 hawanusi pia, kwa kuwa neva za pua hutegemea kijilango hicho hicho. Pima maana yake jikoni. Mtu ambaye hajui kwamba kiganja chake kimelalia sufuria ya moto, harufu ya ngozi inayoungua nayo haimfikii.

Jeni hii ina upande wake wa pili. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha kwamba kasoro nyingine katika SCN9A hufanya kijilango kifunguke kirahisi mno. Wenye kasoro hiyo huwaka miguu na mikono kwa joto dogo tu, au baada ya kutembea kidogo, na wengine huishia kutumbukiza miguu katika maji ya barafu kutwa nzima. Yaani jeni moja humfanya huyu achezee makaa na yule ashindwe kuvaa soksi.

Meno, macho, magoti

Hatari huanza meno yanapoota. Mtoto wa miezi sita au saba hutia kila kitu mdomoni. Wa kawaida akijiuma kidole hulia, na baada ya siku chache ameshajua chakula kinaishia wapi na mwili wake unaanzia wapi. Asiyesikia maumivu hapati somo hilo. Hutafuna midomo yake, ncha za vidole, ulimi. Katika wale watoto sita wa Pakistan, wote walikuwa na makovu ya midomo au ulimi, na wawili walikuwa wamepoteza theluthi ya mbele ya ulimi. Ndiyo maana madaktari wa meno husaga makali ya meno ya utotoni, na wakati mwingine huyang'oa yote.

Baada ya meno ni macho. Kwa kawaida chembe moja ya mchanga jichoni inatosha kumsimamisha mtu kazi. Mtoto huyu hufikicha na kukwaruza mpaka kioo cha jicho kinachubuka, kinaingia wadudu, kinabaki na kovu. Mwaka 2005 mtengenezaji filamu wa Marekani, Melody Gilbert, alitoa filamu iitwayo A Life Without Pain kuhusu wasichana watatu wenye hali hii: mmoja wa Minnesota, mmoja wa Norwei, mmoja wa Ujerumani. Yule mdogo wa Minnesota alikuwa ameshatolewa jicho moja, na lililobaki lililindwa kwa miwani ya kuogelea.

Kisha mtoto anaanza kutembea, na mifupa inavunjika bila mtu kujua. Mama anaona tu mguu umevimba, au mtoto anachechemea huku anacheka. Hospitalini picha ya eksirei inaonyesha mvunjiko wa siku nyingi, na chini yake mwingine wa zamani zaidi. Wazazi kadhaa, nchi mbalimbali, wamejikuta wakihojiwa na maofisa wa ustawi wa jamii kwa tuhuma za kumpiga mtoto kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Ila kinachowamaliza polepole ni viungo. Kisa kinachoeleza hili vizuri kuliko vyote ni cha mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ambaye vitabu vya tiba vinamwita Miss C. tu. Mwanasaikolojia Gordon McMurray aliandika habari zake mwaka 1950. Baba yake alikuwa daktari, yeye mwenyewe alikuwa na akili nyingi, na wote walijua fika nini kinamkabili. Utotoni aliwahi kupiga magoti juu ya chombo cha kupashia chumba joto ili achungulie nje dirishani, akaungua vibaya. Hayo yalipona. Tatizo kubwa lilikuwa dogo kwa kulitazama: hakuwa akibadili mkao. Sisi tukisimama foleni, kila baada ya muda tunahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Tukilala tunajigeuza. Hatujui hata kwamba tunafanya hivyo, maana maumivu madogo yasiyofika akilini ndiyo yanayotusukuma. Miss C. hakusukumwa na kitu. Uzito ulikaa pale pale kwa saa nyingi, gegedu likasagika, magoti, nyonga na uti wa mgongo vikaharibika, wadudu wakaingia katika mifupa. Alikufa akiwa na miaka 29.

Wako wengine ambao kasoro yao iko mapema zaidi, katika ukuaji wa neva zenyewe. Mwaka 1996 Yasuhiro Indo na wenzake wa Japani waliihusisha jeni ya NTRK1 na aina ya ugonjwa ambamo mtoto hasikii maumivu na pia hatoki jasho. Aina hiyo imeonekana sana miongoni mwa Mabedui wa jangwa la Negev, na kwa mtoto asiyetoka jasho, kuzaliwa jangwani ni balaa juu ya balaa. Wanaokufa utotoni aghalabu huuawa na joto la mwili kabla ya majeraha. Homa ambayo mtoto mwingine angeipita kwa panadoli na maji ya kunywa, yeye inampandia hadi inamuua.

Saa ya kuoga

Kwa kuwa mwili hautoi taarifa, taarifa inabidi itafutwe. Katika nyumba yenye mtoto wa namna hii, saa ya kuoga ndiyo saa ya ukaguzi. Maji hupimwa kwa kipimajoto. Mama anaanza na macho: limekuwa jekundu? Linatoa machozi upande mmoja? Anamfungua mdomo, anatazama chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Anapita kidole kwa kidole, ukucha kwa ukucha. Anapapasa mifupa ya miguu akitafuta uvimbe au sehemu iliyo na joto kuliko nyingine. Analikunja goti na kulinyosha, analinganisha la kulia na la kushoto. Mwisho viatu: anaingiza mkono hadi mbele, anatafuta kokoto, msumari uliochomoza, mshono uliojikunja. Usiku anaamka kumgeuza. Kesho yake anarudia yote, na mwalimu shuleni naye ana orodha yake: baada ya mapumziko mtoto huyu atazamwe, akianguka apelekwe kuchunguzwa hata kama anakimbia.

Kwa maneno mengine, maumivu ya mtoto yamehamia kwa watu wengine. Kuna mtu anayeshtuka kwa niaba yake.

Wasomaji huuliza kama watu hawa wana huruma, ikiwa hawajui kuumwa ni nini. Nicolas Danziger na wenzake wa Paris walilichunguza hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Wagonjwa wao walitambua maumivu katika nyuso za watu sawasawa na mtu mwingine yeyote. Ila walipoelezwa tu tukio bila kuona uso wa aliyeumia, walilipunguza uzito wake. Na huzuni wanayo kamili. Wanafiwa, wanaachwa, wanalia. Kilichokatika ni njia ya mwili, moyo umebaki na wao.

Kengele aliyoizima mgonjwa

Je, haiwezekani kuwatengenezea maumivu ya bandia? Aliyejaribu kwa bidii kuliko wote ni Paul Brand, daktari wa upasuaji, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, aliyezaliwa India na kurudi huko mwaka 1946 kufanya kazi Vellore. Wagonjwa wake walikuwa wa ukoma. Enzi hizo karibu kila mtu, madaktari wakiwemo, aliamini kwamba ukoma unakula vidole. Brand aliona vinginevyo siku aliposhindwa kufungua kufuli lenye kutu. Mtoto mmoja mgonjwa, dhaifu kabisa, akaomba ajaribu, akauzungusha ufunguo mara moja, likafunguka. Daktari akaona matone ya damu sakafuni. Ufunguo ulikuwa umeikata nyama ya kidole hadi mfupani, na mtoto hana habari. Vijidudu vya ukoma vilikuwa vimeua neva tu. Vidole vilimalizwa na funguo, majembe, masufuria na viatu. Wengine waliamka asubuhi kidole kimepungua, na walipokesha kuchunguza, wakakuta ni panya. Tangu hapo wagonjwa walishauriwa kufuga paka.

Baadaye Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na huko, kwa fedha za serikali ya Marekani, yeye na wahandisi walibuni glavu na soksi zenye vihisio vya umeme. Mgonjwa akishika kitu kwa nguvu ya kupita kiasi, mlio ulisikika sikioni. Ikawa mgonjwa anausikia mlio, anauelewa, na anaendelea na kazi yake. Wakabadilisha, wakaweka mshtuko wa umeme kwapani, mahali ambapo bado palikuwa na hisia. Sasa iliuma kweli. Wagonjwa wakafanya jambo ambalo Brand hakulitegemea: kabla ya kushika kitu kinachojulikana kitaleta mshtuko, walizima mtambo, wakamaliza shughuli, wakauwasha tena.

Mradi uliachwa. Hawa hawakuwa wajinga, na walikuwa wameshaona vidole vyao vikiisha. Lakini mlinzi unayeweza kumwambia "subiri kidogo, namalizia hapa" si mlinzi tena. Maumivu ya kweli hayana swichi. Hayapokei chochote, hayasikilizi udhuru, hayajali kwamba una haraka. Tunayachukia kwa sababu hiyo hiyo inayoyafanya yatulinde.

Ganzi ya huku kwetu

Kuzaliwa bila maumivu ni jambo la nadra. Kuyapoteza ukubwani ni jambo la kila kliniki. Ukoma bado upo Afrika Mashariki; dawa zake ni za bure na zinaua vijidudu, lakini neva iliyokwisha kufa mara nyingi hairudi, kwa hiyo mtu aliyepona anabaki na mguu ambao itabidi auchunge maisha yake yote. Kisukari nacho, sukari ikikaa juu kwa miaka, huua neva kuanzia vidole vya miguu na kupanda kidogo kidogo kama soksi inayovutwa.

Waswahili husema panya huuma na kupuliza. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha visa vya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, wakaamka na vidonda wasivyojua vimetoka wapi. Ni yale yale ya Vellore. Kinachosaidia nacho ni kile kile cha saa ya kuoga: kukagua nyayo kila jioni, kwa kioo kama huwezi kuinama, au kwa macho ya mwanao, kutikisa kiatu kabla ya kukivaa, kutotembea peku, kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri.

Bibi wa Uskoti na dawa iliyoachwa

Mwaka 2019 dunia ilisoma habari za Jo Cameron, mwalimu mstaafu wa Uskoti. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mkono, upasuaji ambao huwaliza watu, na hakuhitaji dawa ya maumivu yenye nguvu. Daktari wa usingizi, Devjit Srivastava, alishangaa na kuanza kumdadisi. Bibi alikuwa amezaa bila uchungu wa maana, amekatwa na kuungua mara nyingi, na nyonga yake ilikuwa imeharibika vibaya kabla hajaenda kubadilishiwa. Kwake vijilango vya sodiamu vilikuwa vizima. Kasoro ilikuwa katika jeni ya FAAH na jirani yake, ambazo huhusika na kuvunjwa kwa anandamaidi, kemikali ya mwili inayotuliza. Kwake kemikali hiyo ilikuwa juu, naye alikuwa na wasiwasi kidogo na usahaulifu mwingi. Amefika uzeeni pengine kwa sababu moja ambayo watoto wa Pakistan hawakuwa nayo: pua yake inanusa. Mara nyingi alijua ameungua kwa harufu ya ngozi yake.

Watu kama hawa wanafuatiliwa sana na kampuni za dawa, na si kwa ubaya. Mamilioni wanaishi na maumivu yasiyowalinda na chochote, ya mgongo, ya saratani, ya neva zilizoharibika, na anayejua jinsi ya kuyazima bila kumfanya mtu mraibu atakuwa ametenda jema kubwa. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa inayoziba kijilango cha Nav1.8, ndugu wa kile cha SCN9A, kwa maumivu makali ya muda mfupi kama yale ya baada ya upasuaji.

Muda mfupi. Neno hilo lina sababu yake. Katika kijiji cha Vittangi, kaskazini kabisa mwa Uswidi, kuna ukoo ambao baadhi ya watu wake magoti na vifundo vya miguu viliharibika tangu ujana bila kuwauma. Mwaka 2004 watafiti waligundua kasoro yao iko katika jeni ya NGF, protini ya kukuza neva ambayo ugunduzi wake uliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ikatengenezwa dawa ya kuizuia NGF, tanezumabu, kwa wazee wenye magoti yaliyosagika. Maumivu yalipungua kweli. Lakini kwa baadhi yao kiungo kiliporomoka haraka kuliko kama wasingepata dawa. Machi 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura 19 kwa 1 kwamba hatari yake haidhibitiki, na mwaka huo huo kampuni zikaiacha. Waliotaka kuwapa wazee goti lisilouma walikuwa wameshaonyeshwa Vittangi goti lisilouma linaishia wapi.

Kwa mtu mzima aliyezaliwa bila maumivu, basi, hakuna dawa ya kuyarudisha ya kutumia kila siku. Mwaka 2015 watafiti wa London walimpa mwanamke wa miaka 39 aliyekosa Nav1.7 dawa ya naloksoni, ile inayozuia nguvu za afyuni, na kwa mara ya kwanza maishani akasikia mchomo wa joto. Ilionyesha kwamba mwili wake ulikuwa umejaa afyuni yake mwenyewe. Ni ugunduzi mkubwa, ila hakuna aliyeugeuza kuwa tiba. Anachobaki nacho ni ratiba: eksirei ya viungo hata pasipo malalamiko, daktari wa macho, daktari wa meno, mtu wa nyumbani wa kumtazama mgongo. Na shida yake kubwa hospitalini ni swali la kwanza tunalomuuliza kila mgonjwa, "Unaumwa wapi?" Kidole tumbo chake kinaweza kupasuka naye akajibu kwamba haumwi popote, na atakuwa amesema kweli. Mtu huyu asihojiwe tu. Avuliwe viatu, apapaswe, apigwe picha. Ndivyo inavyopasa kufanyiwa pia mzee wa kisukari anayeketi kwenye benchi la kliniki na kusema miguu yake haina tatizo.